Ku Musumeno ya Bwana Kimya

Kashebere, 9 Februari 1953

Papa mupenzi,

Jambo sana kwako na kwa Mama na kwa bote ba ku nyumba. Mimi niko muzima. Homa ilinishika mu Januari, lakini iliniacha, sasa ninakula vizuri. Mama iko namna gani na mugongo yake? Na viazi ya ku kilima, mvua haikuozesha?

Nianze na habari muzuri. Bwana Kimya, muzungu mwenye mashini ya mbao, alinifanya kapita, musimamizi ya bantu. Ile jina ni bantu balimupa, juu hapandishi sauti ata siku moja. Akikusalimia ao akisema upigwe, sauti iko ile ile. Sasa mimi njo ninapanga bantu ku musumeno asubuhi, pamoja na kapita ingine, Polycarpe, muntu ya Hombo.

Habari mubaya ni Nzabandora, mutoto ya Mama Nyirabagenzi. Pengine mulikwisha kusikia. Alikufa. Musumeno yetu ni ile ya kuzunguka, inavutwa na mashini ya moshi. Ilikamata shati yake, ikamuvuta. Ilikula mukono mupaka ku bega, ikaingia mu kifua mbele tuzime mashini. Upande ingine ya gogo alikuwa anasimama Floribert, mwindaji ya huku Walikale, rafiki yake. Damu yote ilimurukia ku uso na mu kinywa. Nzabandora alimuangalia, akamuambia, "Shika mukono yangu, usiache ianguke." Akakufa. Na Floribert alikuwa anaishika kweli, ile mukono yenye kukatwa, haikuwa tena na muntu.

Bwana Kimya alileta ndoo ya maji. Akasema, "Mupanguse. Chuma ikilala na damu, inashika kutu." Jua haikuwa imeshuka, tulikuwa tunapasua mbao tena, na Floribert alirudishwa pa nafasi yake, pale pale.

Tangu ile siku hakuli. Anaacha kazi katikati, anaangalia mikono yake kama ni ya muntu ingine. Jana aliacha gogo ianguke. Bwana alisema ni uvivu, akanipa kiboko. Nilimupiga, Papa. Ni kazi ya kapita. Lakini hakulia. Alicheka. Nilikuwa ninamupiga, naye anacheka, mupaka bantu balianza kuangalia chini.

Uniambie kama nilifanya vizuri.

Mutoto yako,
Hilaire


Mushaki, 1 Machi 1953

Hilaire mutoto yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Viazi iko muzuri. Mugongo ya Mama inaumia wakati ya baridi tu. Ngombe ya kaka yako Paul ilizaa ndume.

Mama Nyirabagenzi tulikaa naye. Analia bila mwili ya kuzika. Tulimuombea mu kanisa, mimi njo niliongoza.

Sasa ile unauliza. Mutoto yangu, muntu akipewa kazi anatii. Ata mimi nilipigwa wakati tulikuwa tunapasua barabara ya Sake, na sikupata wazimu. Kesho yake nilikuwa na jembe mu mukono. Huzuni iko na siku yake, ikipita muntu anasimama. Ile Floribert akaze roho, aombe Mungu, arudi ku kazi. Na wewe usionyeshe bantu uso ya kulegea, juu kapita akilegea, kazi inakufa.

Nilikuwa ninafunga barua, Mama yako akauliza, "Umemuambia aache kumupiga ile muntu?" Nikamujibu kazi ya banaume yeye haijui. Akakaa juu ya kiti mbele ya mulango, akasema sitatoka mupaka niandike maneno yake. Basi nimeandika. Anasema uache.

Papa yako,
Kabera


Kashebere, 20 Aprili 1953

Papa,

Jambo. Ninaomba munisamehe, leo sitauliza habari ya kila muntu.

Floribert alikimbia mu pori. Bwana alituma Polycarpe na bantu bamutafute. Balimurudisha na kamba mu shingo. Polycarpe alimufunga ku muti mbele ya mashini, akamupiga mbele ya bote, akisema kila mara, "Cheka sasa! Cheka tena!" Mugongo ilipasuka, tuliona nyama. Floribert hakucheka tena. Alikuwa anaita Nzabandora.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mu mustari, Polycarpe anaita majina. Alipofika ku jina ya Floribert, Floribert akajibu, "Niko," kama muntu muzima. Akatoka mu mustari na shoka. Tulifikiri anaenda ku gogo. Alimupiga Polycarpe mu uso. Shoka iliingia mu mufupa, ikakwama, akaweka muguu ku kifua yake kusudi aitoe, akamupiga tena. Hakuna muntu alisogea. Mimi nilikuwa karibu, Papa, karibu kama vile kutoka ku kiti yako mupaka ku mafiga. Sikusogea.

Halafu akatembea polepole kwenda ku nyumba ya Bwana. Bwana Kimya alitoka na bunduki, akamuambia kwa ile sauti yake, "Simama." Floribert akaendelea. Bwana akapiga. Akapiga tena. Floribert alianguka juu ya vumbi ya mbao, akabaki anasukuma miguu kama muntu anataka kupanda kilima.

Askari balikuja na balitupiga sisi bote, juu hatukumushika. Kisha mashini ikawashwa.

Sasa bantu hapa banaogopana. Mumoja alijikata kidole, alisema hakuona musumeno. Mumoja anakojoa mu blanketi usiku kama mutoto. Mimi ninasikia musumeno ata wakati mashini imezimwa. Ulisema kesho yake ulikuwa na jembe. Nilijaribu, Papa. Sikuweza.

Mutoto yako,
Hilaire


Mushaki, 6 Mei 1953

Hilaire,

Salamu. Tuko bazima.

Nilisoma barua yako kwa sauti, Mama na dada yako Dancille banasikiliza. Pa kati nilishindwa, Dancille akanipokea, akamaliza yeye.

Ile nilikuandikia mbele, usiifuate. Rudi. Shamba iko. Ata kama Bwana anasema mukataba haijaisha, rudi.

Mama alikwenda kuanika blanketi yako.

Papa yako,
Kabera


Kashebere, 14 Septemba 1953

Papa mupenzi, na Mama mupenzi,

Jambo sana. Ninajua muliona nimenyamaza muda murefu, na najua Mama alifikiri nimekufa. Niko muzima. Mvua imeanza huku, muto imejaa. Ninyi muko namna gani? Dancille balikuja kumuposa, ao bado?

Sikurudi juu ya jambo hii. Nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku, nikaona bantu bananiangalia. Nikiondoka, Bwana ataweka kapita ingine mwenye mukono kama ya Polycarpe. Nikafungua sanduku.

Mu Juni bibi ya Floribert alikuja. Jina yake Béata. Alitembea kutoka kwao mu pori, amenyolewa kichwa, amejipaka majivu. Alifika mbele ya mashini, akauliza, "Alianguka wapi?" Tukamuonyesha. Akakaa pale chini. Bantu balikuwa banatoka kazi. Akaanza kuuliza mumoja mumoja, "Wewe uliona nini?" Bakapita na njia yao. Akabaki kukaa. Kesho yake alikuwa pale tena, anauliza ile ile. Mwisho muzee mumoja mwenye kuvuta magogo, Ndoole, akasema, "Mama, niliona miguu yake." Akaanza kulia kama damu inatoka mu pua, bila kuweza kuisimamisha. Halafu ingine akasema, na ingine. Balisema juu ya Floribert, juu ya Nzabandora, ata juu ya Polycarpe.

Zamu yangu ilipofika nikamuambia, "Mimi nilimupiga kiboko." Akasimama, Papa, akanipiga. Alinipiga ku uso na ngumi mupaka midomo ikapasuka, mupaka mukono yake ikachoka. Bantu balitaka kumushika, nikabakataza. Alipochoka akakaa, akapumua, akaniambia, "Sasa endelea kusema."

Kisha akatuambia, "Kwetu muntu aliyeona damu ya mwenzake haachwi peke yake. Analala na mwenzake, anakula na mwenzake, anasema ile aliona mupaka itoke mu macho yake. Bwana yangu mulimuacha peke, halafu mukamupiga juu iko peke."

Ile siku nililala, Papa. Mara ya kwanza.

Nikaenda kwa Bwana Kimya. Nilifikiri sana namna ya kusema, juu nikianza na machozi hatasikia. Nikaanza na mbao.

"Bwana, mbao nyingi inaharibika."

"Ninaona."

"Haiharibiki juu ya uvivu. Muntu asiyelala, mukono yake haiendi sawa. Anapasua vibaya, ao anapasua mwenzake. Ukinipa kiboko nimupige, usingizi yake itapunguka tena."

Nilikuwa ninangoja aite askari. Akaniuliza, "Na wewe, unalala?"

"Sasa ndiyo. Mbele sikukuwa ninalala."

Akaangalia ku dirisha, kule Floribert alianguka. Akasema kwa ile sauti yake, "Mimi hapana."

Nikamuomba atupe siku ya kulilia bantu yetu na aache kiboko, akakubali. Sasa muntu akifa ao akikatwa, mashini inazimwa ile siku yote. Mwenye kuona hasimami ku musumeno mupaka aseme mwenyewe anaweza. Banaume babili banapokezana, asichoke mumoja. Mabibi balikubaliwa kuja kukaa mu kambi. Béata alibaki, anapika kwa bale hawana bibi, na mbele ya chakula tunakaa juu ya vumbi ya mbao, mwenye neno anasema. Kiboko, Bwana mwenyewe aliitupa mu moto ya mashini. Ilinuka kama nyama.

Hatujakuwa malaika. Juzi babili balipigana, mumoja alivunjwa meno. Lakini balikuja jioni bakasema juu ya nini. Na mbao inatoka muzuri, nyingi kupita mwaka jana. Yule ya kukojoa, bibi yake alikuja, ameacha.

Mutoto yenu,
Hilaire


Mushaki, 27 Januari 1954

Hilaire mutoto yangu,

Salamu ya mwaka mupya kutoka kwetu bote. Barua yako ilikawia, shofere aliisahau mu motokari yake mupaka Noeli. Tuliisoma, tukaisoma tena. Dancille baliposa, ni mutoto ya Ndagijimana ya ku Matanda, muntu ya kimya na mwenye ngombe. Harusi ni kisha Pasaka, utakuja.

Niliongea na mapadri juu ya ile Béata anafanya. Mumoja alisema ni desturi ya kipagani. Nikamujibu, na mimi sikujua nitajibu hivi, "Padri, wakati nilipigwa ku barabara ya Sake, kama kungekuwa muntu ya kukaa na mimi, ningekuwa papa mupole kwa batoto yangu." Akaniomba nimusomee tena ile sehemu ya barua yako.

Mama yako anauliza kitu. Mimi nilimucheka, anasema nikuandikie vilevile. Anauliza, "Na ile muzungu asiyelala, nani anakaa naye?"

Papa yako,
Kabera


Kashebere, 18 Februari 1954

Papa,

Jambo. Muniombee.

Barua yenu ilifika wakati tumekwisha kumuzika. Bwana Kimya alijipiga bunduki mu kinywa, asubuhi, mbele ya chai. Mimi njo nilifungua mulango. Ukuta yote nyuma ya kiti, Papa. Nywele yake ilikuwa imeshika ku picha ya mama yake.

Nilisoma swali ya Mama nikiwa ninasimama mu ile nyumba, na ndoo ya maji. Hakuna muntu alikaa naye. Tuliwaza kila muntu hapa, ata Polycarpe marehemu tulimulilia, lakini Bwana tulimuona tu kama mwenye mashini. Jioni alikuwa anasimama ku baraza anatuangalia vile tunakaa. Mara moja Béata alimuita na mukono. Akarudi mu nyumba. Hatukumufuata.

Tulizima mashini. Tulikaa, tukasema juu ya Bwana kama tunasema juu ya kila muntu. Béata mwenyewe alisema, yeye ambaye huyu njo alimuua bwana yake. Alisema, "Nilimuchukia. Na sikutaka afe hivi."

Ndugu mudogo ya Bwana Kimya alifika kutoka Bukavu. Alikuta tunakaa. Akauliza nani aliamuru mashini ilale. Nikasema mimi. Alinipiga na kitako ya bunduki, jino moja imetoka. Alifukuza mabibi mu kambi, bantu yake balichoma majumba. Analeta kiboko mupya. Anasema kaka yake aliharibiwa akili na wavivu, na ni sisi tulimuua.

Leo asubuhi aliniamuru nimupige muzee Ndoole, juu alikuwa anaongea na mwenzake ku kazi. Nilitupa kiboko ku musumeno, ikakatwa vipande. Sasa ameita askari. Ninasikia motokari inapanda. Mumupe Mama salamu, na mumuambie alikuwa anaona

Hilaire


Masisi, 10 Aprili 1954

Hilaire mutoto yangu,

Salamu. Nimekuja leo Masisi kutoka ku nyumba, juu Padri amekubali kukuingizia hii barua mu gereza, basi niandike vizuri. Mama iko na nguvu. Dancille amekataa harusi mupaka utoke. Bachumba balinung'unika, akabaambia bangoje ao batafute ingine.

Nilipopata barua yako isiyoisha, sikungoja ingine. Nilivaa koti ya kanisa, nikapanda motokari ya viazi mupaka Masisi, kisha miguu. Nilifika Kashebere nikifikiri nitamuomba Bwana mudogo, ndugu ya Bwana Kimya, kwa heshima anipe sanduku yako na habari yako. Nilikuta anapiga muzee Ndoole yeye mwenyewe. Nilitoa kofia. Nikasema, "Bwana, mimi njo papa ya Hilaire." Nilitaka kuongeza neno. Aligeuka, akanipiga na kiboko ku uso.

Jicho ya kushoto ilipasuka. Haitarudi. Ninakuambia sasa kusudi usishituke ukiniona.

Nilianguka, nikasikia mashini inalia vibaya, halafu kimya. Ni Béata. Alirudi kutoka mu pori bila ruhusa, akachukua muti, akasukuma ukanda ya mashini, ikatoka, musumeno ikasimama. Na banaume bote bakaacha ile balikuwa banafanya, bakakaa juu ya magogo. Hakuna aliyewaambia. Mimi pia balinisimamisha, bakanikalisha kati yao, Béata akanifunga uso na kitambaa yake.

Askari balikuja, balitupiga na vitako vya bunduki. Mifupa ilivunjika, nilisikia. Muzee Ndoole balimupasua kichwa, alikufa akiegemea bega yangu, uzito yake yote juu yangu. Hakuna aliyesimama. Balichoka, bakaanza tena, bakachoka.

Mwisho mukubwa mumoja ya serikali alikuja, akauliza, "Munataka nini? Mushahara? Posho?" Alikuwa na kalamu tayari. Banaume baliangaliana. Yule ya kukojoa, wewe unajua jina yake, mimi sikuuliza, akasema, "Tunataka kulilia bantu yetu." Mukubwa akauliza tena, akapata jibu ile ile. Alibaki na kalamu hewani, kisha akaamuru askari batuache.

Tulimuzika Ndoole. Tulimulilia siku zote tulizotaka, askari banasimama banaangalia, na mumoja kati yao alitoa kofia.

Sitakudanganya. Bwana mudogo amerudi Bukavu, banasema kuna baamuzi batamuuliza maneno, sijui kama batamuuliza kweli. Mashini iko kimya, na bantu bengi banakosa kazi na chakula. Balilipa deni ya damu na hawajapata kitu ya mukononi. Nilimuuliza Béata kama anajuta. Akasema, "Ninalala."

Mimi silali bado vizuri. Mulango ikipigwa na upepo, ninafunika uso. Ngozi inapona, Hilaire, lakini fimbo inapanda mu kichwa, inajenga huko. Mama anakaa na mimi asubuhi, ninamuambia ile niliona. Mara ingine ninamuambia ile ya barabara ya Sake, ambayo hakuijua, na tumeoana miaka yote hii.

Banasema utatoka kisha Pasaka. Mama alitaka kuja na chakula na bantu ya kuimba, nikakataa. Nitakuja peke, nitafika mulango ya gereza haijafunguliwa bado. Nitabeba maji na viazi ya kuchoma. Sitakuuliza kitu. Ukitaka kusema, tutakaa pembeni ya barabara mupaka umalize, ata kama giza itatukuta. Ukitaka kunyamaza mupaka Mushaki, tutanyamaza.

Ukitoka usinitafute kwa wasiwasi mu bantu. Jicho moja inatosha kukuona.

Papa yako,
Kabera